Mutura ya mwenyekiti imefikia watu wote

Niko na miaka themanini. Nimezika machifu watatu na simu ya kukoroga, na leo imeli imetaka kuniaibisha hapa Mukurweini.

Karani wa kikundi yetu ya maziwa alituandikia sote ati Jumamosi kuna mbuzi, na mwenyekiti ndiye atatengeneza mutura, ile soseji ya matumbo na damu.

Nikamjibu karani peke yake, kwa kidole yangu mwenyewe: "Mwambie aache. Matumbo haoshi vizuri. Mutura yake iko na mchanga."

Kumbe ukijibu, inaenda kwa kikundi yote.

Hata kwa mwenyekiti, na huyo ni kaka ya mke wangu.

Mama watoto akasoma, akaniangalia. Chai sikupewa.

Halafu mwenyekiti akajibu, kwa wote: "Shemeji, basi kuja uoshe wewe."

Wengine wakafuata: "Afadhali." "Hata mimi ilinivunja jino."

Sasa karani anataka kubadilisha, jibu iende kwa mwenye kuandika tu. Nimekataa. Ingeenda kwake tu, Jumamosi tungetafuna mchanga tena.

Nyinyi mnaonaje?

Mkidhani naongeza chumvi, muulizeni mwenyekiti. Ako hapa kwangu, anakunywa chai yangu na kuninolea kisu ya Jumamosi.