Maji Yaliyochafua Kanzu

Mama alikuwa anafulia watu nguo chini ya bwawa, na nilipomaliza darasa la nane nikawa nafua pamoja naye. Bwawa lilijengwa na mzungu mmoja mwenye shamba, kabla mama hajazaliwa. Aliziba mto kwa kurundika udongo kutoka ukingo hadi ukingo, ng'ombe wake wakanywa, kisha akarudi kwao. Sisi tulibaki na ukuta wa udongo ulioota nyasi, na juu yake njia ya baiskeli ya kwenda Kitale.

Nyumba zetu zilikuwa upande wa chini. Hapo hapo, kwenye kisigino cha ukuta, maji yalichuruzika membamba kama kidole, safi kuliko ya mtoni. Tulifulia hayo. Hakuna aliyeuliza yanatoka wapi. Mtu akipewa mfereji wa bure haulizi bomba limepita wapi.

Kila mwaka afisa mmoja wa maji alikuja na gambuti zake kuangalia ukuta. Alichuchumaa, akakinga maji kwa kiganja, akayatazama kama mtu anayekagua maharagwe kabla ya kupika. Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu aliwaambia akina mama, "Yakiwa safi hivi, nyinyi fueni tu. Lakini siku mtaona yanatoka na tope, mjue ukuta unaliwa kutoka ndani. Mpunguze maji ya juu haraka, na mtu asilale hapa chini."

Akina mama walishika neno moja, "fueni". Mimi nilishika yote. Mtu asiyeongea hana kazi nyingine ila kusikia.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, ng'ambo ya bwawa, na lilikuwa na ndugu zake kule Bungoma. Watu wa huko, wa Kabuchai na Sirisia, walikuja kila mwaka na lori kubatizwa kwetu. Kwetu ubatizo ni wa kuzama mwili mzima, na shida ilikuwa hapo. Tope la miaka mingi lilikuwa limejaa bwawani, hivyo hata likijaa pomoni, mahali pa kubatizia maji yalifika mapajani tu. Na mwaka ule, baada ya kuombewa kwa muda mrefu sana, mwenye mashine ya kusaga unga alikuwa ameokoka. Huyo alikuwa mtu wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Wazee wa kanisa walikaa kikao wakakubaliana kwamba maji ya mapajani hayatoshi dhambi zake, wala tumbo lake.

Pembeni mwa ukuta mzungu alikuwa ameacha mtaro wa saruji, wa kupitisha maji yanayozidi ili yasipande juu ya ukuta. Wazee waliuziba kwa mbao na magunia ya mchanga. Mvua zikaanza. Maji yalipanda mpaka kifuani, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa kuleta kina.

Wiki mbili kabla ya ubatizo, mama aliletewa kanzu nyeupe za kubatiziwa. Tulizifua, tukazitia blu, tukazianika. Zilikauka zikiwa rangi ya chai ya mkandaa. Tukazirudia. Zikawa rangi ya chai iliyokolea.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alipokuja kuzichukua, aliinua moja kwa vidole viwili.

"Mama, hizi ni kanzu ama ni magunia ya viazi?"

"Nimezitia blu mara mbili," mama akasema.

"Blu ya wapi? Si useme tu umefulia pale ng'ombe wanakunywa. Watu wa Bungoma watatuonaje? Ati tunawatoa kwa maji wakiwa wachafu kuliko walivyoingia?"

Alisema kanzu zikikataa tena, kazi ya kanisa itaenda kwa mtu mwingine. Mwanamke aliyefua pamoja na mama, aliyeolewa kwetu kutoka Kabuchai, alimwita mama kwa neno la kwao, akasema, "Mayi, badilisha sabuni." Mama akabadilisha sabuni.

Mimi nilitazama maji. Kile kidole cha maji kilikuwa kimekuwa mkono, na mkono ulikuwa na tope. Usiku tulilala hapo hapo chini yake, mama, mimi na majirani wote. Na siku ya ubatizo, kama kila mwaka, watu wangesimama juu ya ukuta kutazama, wakiimba na kuruka na ngoma.

Nilimwambia mama. Akaacha kusugua.

"Wewe unaongea mara moja kwa mwezi, na hii ndiyo umechagua kusema?" Kisha akayatazama maji. "Enda uwaambie wazee. Mimi nikisema, wataona natafuta kisingizio cha kanzu."

Ilikuwa kweli. Lakini kusimama mbele ya wazee! Nilikuwa mtu wa kuzunguka shamba zima la mahindi ili nisisalimiane na jirani. Nikaamua kuandika barua. Nilianza Jumatatu. Jumatano nilikuwa nimefika "natumaini nyote hamjambo".

Nikaiacha barua. Nilitafuta chupa za soda, na kila asubuhi nikajaza moja kwenye kile kichuruziko na kuipeleka kanisani, chini ya madhabahu. Nilizipanga mstari. Ya Alhamisi ilikuwa hudhurungi, ya Ijumaa imezidi, na ya Jumapili, siku yenyewe ya ubatizo, ilikuwa karibu uji wa wimbi. Niliona hata mjinga atasoma.

Nilisahau kwamba watu wetu huleta maji kanisani yaombewe.

Mchungaji alipoziona alifurahi sana. "Kuna mtu hapa ana imani!" Akazinyooshea mikono, akaziombea kwa sauti ya kutikisa mabati, akazigawa kwa wenye magonjwa. Mwenye mashine alikuwa anaumwa mgongo. Aliichagua chupa ya Jumapili, nadhani kwa sababu ilionekana ina nguvu, akainywa mpaka tone la mwisho na kujifuta mdomo. Mama alinitazama. Nilitazama viatu vyangu.

Nje lori la Bungoma lilikuwa limefika na ngoma zimeanza kupigwa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda kabla hatujashuka bwawani. Sijui miguu ilinitoaje kwenye benchi.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Hayo maji mmekunywa yametoka ndani ya ukuta."

"Amina!"

"Hapana, si amina. Yanatoka na udongo. Ukuta unaliwa ndani. Yule wa gambuti alisema yakitoka tope maji ya juu yapunguzwe, na mtu asilale pale chini. Nyinyi mmeziba mtaro, na sasa mnataka kwenda kuruka juu yake."

Nikarudi kuketi kwenye benchi.

"Ngoja kwanza," mwenye mashine akasema, akiinua chupa yake tupu. "Ati mimi nimekunywa ukuta?"

"Umekunywa," mama akasema kutoka nyuma, akasimama. "Na mimi nimefulia kanzu kwa huo ukuta mara tatu, nikaambiwa ni magunia ya viazi."

Mwenye mashine alitoka akiwa amekasirika, na kanisa zima likamfuata. Alishuka chini ya ukuta, akaingiza mkono kwenye kile kichuruziko, ukatoka umejaa tope mpaka kwenye kiwiko. Hakuuliza kikao. Alipanda mtaroni na vijana wa lori, wakang'oa magunia na mbao zote. Maji yalinguruma mpaka jioni. Sisi wa chini tulihamia kanisani na magodoro na kuku wetu, na mchungaji akahubiri wiki nzima akisindikizwa na jogoo wa jirani yetu.

Maji yalishuka, na mahali petu pa kufulia pakarudi kuwa mkono, kisha kidole, kisha safi. Afisa mpya alikuja, akasema ukuta unahitaji kutengenezwa, akaenda. Mtaro ulibaki wazi. Mwenye mashine alitangaza kwamba atakayeuziba tena atajisagia mahindi kwa meno.

Ubatizo uliahirishwa mpaka maji yalipotulia, na yeye alibatizwa kwenye maji ya mapajani. Alilazwa kwa msaada wa wanaume wanne, lakini tumbo likabaki juu, kavu kabisa, mpaka mchungaji akaomba beseni la mama yangu na kulimwagia. Watu walitazama kutoka ukingoni. Ukutani hakukuwa na mtu.

Baada ya ubatizo tulizifua tena kanzu, na mwenyekiti wa akina mama akaja kuzichukua. Zilikuwa nyeupe mpaka akafumba jicho moja.

"Mama, umetumia sabuni gani?"

"Muulize huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Akanigeukia, akangoja. Lakini maneno yangu ya mwezi ule nilikuwa nimeshayamaliza. Nikainama, nikaendelea kufua.