Jibu la Kweli Lililomponza Mchuma Majani

Saa moja asubuhi, Keo Phally amechutama ndani ya banda la plastiki, kusini mwa Korea, anachuma majani ya perila, mboga ya Wakorea. Anayapanga kumi kumi, anafunga, anatia kapuni. Mikono haitulii, ingawa moyo umemvunjika. Leo ni siku yake ya mwisho hapa.

Mama huyu wa miaka 39 kutoka Kampong Thom, Kambodia, ana miaka mitatu kwa Bwana Ma Jong-su, mwenye shamba. Makazi yake ni kontena lililofunikwa turubai jeusi pembeni mwa shamba. Choo ni shimo nje. Kwa hilo hukatwa woni laki mbili, fedha za Korea, katika mshahara wa kila mwezi.

Mwezi uliopita halmashauri ya wilaya ilipiga marufuku makazi ya aina hiyo. Kabla wakaguzi hawajafika, Bwana Ma alimfundisha aseme analala kijijini.

"Yule mkaguzi alivua viatu mlangoni," anasimulia Phally. "Kontena lile, bado akavua viatu kama anaingia nyumbani kwa mtu! Nikaona haya kumdanganya. Nikamwambia ninalala hapa."

Kibali cha Bwana Ma kuajiri wageni kikafutwa. Amri ilitungwa kumlinda Phally, na ndiyo hiyo inayomtoa. Kwa sheria ya taifa, mgeni aliyeachana na mwajiri ana miezi mitatu kupata mwingine, tena hajitafutii: anangoja ofisi ya kazi imtumie majina ya waajiri kwa simu. Muda ukiisha, anarudishwa kwao.

"Si nilikwambia?" anafoka Bwana Ma, mzee wa miaka 71, akiburuta maboksi. "Sasa nani atachuma? Mimi na mgongo huu?"

"Samahani, bosi."

"Samahani inavuna?"

Sopheap, mwenzake ambaye naye anafungasha mizigo yake, anacheka kicheko kikavu. "Dada, wewe na ukweli wako! Ungejifanya hujui Kikorea, kama mimi."

Phally hacheki. Jana ofisi ilimtumia jina la kwanza, shamba la wilaya jirani ambako marufuku hiyo haipo. Alipiga simu kuuliza malazi. Akajibiwa: kontena, ndani ya banda.

Inauma kumsikiliza akieleza mpango wake.

"Nitakwenda," anasema, akifunga majani mengine kumi. "Binti yangu amebakiza mwaka mmoja chuo cha ualimu. Marufuku ikifika na huko, nikiulizwa ninalala wapi, nitadanganya."