Mbuzi Hii, Si Mbuzi Huyu

Nianze na upumbavu wenyewe, ndipo safari ieleweke. Jumatatu darasani tulifundishwa kwamba mbuzi ya kukunia nazi ni "hii", na mbuzi wa kula majani ni "huyu". Jioni nikaona nimsaidie jirani yetu Bi Zuhura kuelewa sarufi. Nikachukua "hii" jikoni kwake, na mahali pake nikamfunga "huyu", beberu wa mwenye duka. "Hii" nikaisukuma uvunguni mwa kitanda cha mama.

Kivinje nzima ilicheka isipokuwa Bi Zuhura. Mbuzi ile aliichonga marehemu mumewe. Akamshika Nalinga, Mmwera anayempasulia kuni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa uani. Vijana wa mtaa tulipoulizwa, nikaropoka, "Wallahi sijui!" Bi Zuhura akatangaza kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, tumbo limvimbe, kisha Nalinga apelekwe kwa Liwali. Usiku ule ule tumbo langu likaanza kujaa. Nilikuwa nimekula maembe mabichi, lakini nenda kalieleze tumbo.

Jumanne alfajiri nilimuaga mama kwamba naitwa na mjomba Nangurukuru. Uongo wa pili. Shule nikaiacha ijisomee. Nilikuwa nakwenda Likawage kwa Mwalimu Kibwana, maana walisema yeye haogopi kiapo chochote. Alizaliwa hapa hapa Kivinje, akasoma Lindi, akawa karani wa baraza la Liwali, kazi yake kuapisha mashahidi. Siku moja akasimama mbele ya watu akasema ameona waongo wengi mno wakiapa bila kupepesa jicho, na kwamba mtu akiwa mwema kwa hofu tu, wema ule si wake, ni wa hofu. Kazi ikaota mbawa, ndugu wakamsusa, akaenda kulima ufuta.

Nangurukuru lori lilinishusha. Toka hapo ni miguu, msitu huku na huku. Niliongozana na wakulima wawili waliokuwa wakizungumza kwa sauti kubwa makusudi, simba wasikie.

"We mtoto wa pwani, mbona umeshika tumbo?" mmoja akauliza.

"Nina mimba."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu kitu kilivunja kijiti, na sote watatu tukakumbuka kwamba tuna haraka. Tulilala kwao.

Likawage niliingia kesho yake jioni. Nilitarajia mtu mwenye pembe. Nikamkuta mwembamba mmoja akimfukuza kuku kwenye ufuta, akimtukana matusi ya nguoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nawe umekuja kunitazama kama kiboko?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye beberu alicheka mpaka akapaliwa. Basi nikamuuliza lililonileta: halbadiri itanipata, haitanipata?

"Sijui."

"Mwalimu! Nimetembea kote huku!"

"Haya, nadhani haitakupata. Umefurahi? Na Nalinga je?"

Nilifuata ruhusa ya kukaa kimya. Nimepewa, na sikujua niiweke wapi.

"Ukienda kusema kwa kuogopa tumbo, umelitibu tumbo," akasema. "Nenda kwa ajili ya yule mtu."

"Wakinipiga?"

"Huenda. Mimi walinitupia mawe sokoni. Na simba nawaogopa, usiniombe nikusindikize."

Alhamisi nilirudi njia ile ile, safari hii mbio. Katikati ya msitu nikagundua tumbo limepoa lenyewe, nami sijafanya jema lolote. Nilichojifunza ni hicho: tumbo halikuwa hakimu wangu. Hapo ndipo ningeweza kugeuka nyuma, na miguu iliniomba sana.

Ijumaa baada ya sala wasomaji walikuwa wamekwisha keti uani kwa Bi Zuhura, ubani unafuka. Nalinga alikaa chini peke yake, mkeka mzima mtupu kila upande. Nikapita katikati yao na mbuzi kichwani.

"Ni mimi," nikasema. "Na leo siapi."

Bi Zuhura akaipokea, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akalia. Nalinga akainuka, akaondoka bila kunitazama. Nilimgeukia mama, aliyekuwa amesimama na wanawake mlangoni, shavu nimeliweka tayari. Akasema:

"Sikupigi. Nikikupiga utajiona umelipa. Chukua shoka, mfuate Nalinga, ukampasulie kuni mpaka yeye mwenyewe aseme basi."