Fundi Aliyefunga Mlango wa Pampu ya Gorna Lipa

Zimebaki siku mbili kufika sikukuu ya Mama wa Mungu. Zdravka Hadzhieva amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya nyumba ya pampu, kompyuta yake imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake ni modemu ndogo yenye laini ya simu. Taa zake zote zinawaka vizuri, na hilo ndilo linalomtia hasira.

"Inapiga gumzo na dunia nzima," anasema. "Na niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe!"

Mlangoni amesimama Mzee Minko, mtunza pampu, kofia mkononi. Anatazama viatu vyake.

Zdravka, mwenye umri wa miaka 51, ni fundi wa mawasiliano wa shirika la maji la bonde hili la milima ya Rodopi, Bulgaria. Pampu zimetawanyika huko juu ambako waya haufiki, kwa hiyo kila moja huongea na ofisi kwa laini ya simu, kama mimi na wewe. Ila laini ikiachwa wazi, yeyote mwenye kompyuta, popote alipo, anaweza kubisha. Akikisia nenosiri, kaingia.

Mwaka jana, siku ya sikukuu hii hii, kuna mtu aliingia. Hadi leo hajulikani. Watoto wa kijiji walikuwa wamerudi kutoka Sofia na Ujerumani, kondoo wameshachinjwa, masufuria makubwa ya kurban, ile supu ya sadaka, yamepangwa uani mwa kanisa. Pampu ikazimwa. Bomba likakohoa, kisha likakauka.

Mpishi mkuu wa supu hiyo ni Bi Sevda, mama yake Zdravka.

"Mama alikaa juu ya gogo akalia mbele za watu," anasema Zdravka. "Na fundi ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Haikupasuka, akaingia kazini. Majira yote ya baridi alipanda milima na begi mgongoni, akiweka VPN kwenye modemu moja baada ya nyingine. Hiyo ni njia iliyofichwa ndani ya mtandao wa kawaida: kinachopita humo kimefumbwa, na modemu inamsikiliza mwenye ufunguo wake tu. Anayebisha kutoka nje hajibiwi hata salamu.

Leo asubuhi pampu hii ya kijiji cha Gorna Lipa imeonekana nje ya njia hiyo, iko wazi kama zamani.

"Mzee Minko, umebonyeza kile kitundu cha nyuma, cha kufuta mipangilio?"

"Kitundu gani tena?"

"Hiki. Kina uzi mwekundu umenasa."

Mzee anakuna kichwa. "Sindano ni ya mke wangu. Muulize yeye."

"Mkeo hajapanda huku tangu mfunge ndoa!"

Mzee anashindwa kujizuia, anacheka. Zamani, anaeleza, alikuwa akiwasha pampu kwa simu akiwa shambani kwake. VPN ilipokuja, simu yake ikakataliwa, ikabidi apande mlima kila siku. "Viazi vinataka maji, mwanangu, na magoti hayataki mlima. Nilibonyeza kidogo tu."

"Kidogo! Umeirudisha ilivyotoka kiwandani. Umebomoa mlango upite wewe, na wezi nao umewakaribisha."

Simu inalia. Ni bosi wake. Anataka modemu iachwe hivyo hivyo, sikukuu ipite kwanza.

"Hapana, bosi," Zdravka anajibu. "Mwaka jana tuliiacha hivyo hivyo."

Anakata, anaanza upya. Anabadilisha nenosiri, anaweka ufunguo mpya, wa zamani anaufuta. Kisha ananyoosha mkono kwa Mzee Minko.

"Lete simu yako. Ukimfungia mwenye nyumba nje, atavunja dirisha. Hapo nilikosea mimi."

Anamwekea ufunguo wake peke yake. Simu ikipotea, anamwambia, unafutwa ufunguo huo mmoja tu, wengine hawaguswi. Halafu anamtuma shambani, akaiwashe pampu kutoka huko.

Anabaki kusubiri. Zdravka anauma kucha. Ghafla pampu inaguruma, ukuta unatetemeka, na punde Bi Sevda anapiga simu kutoka kanisani.

"Maji yametoka! Yana tope kidogo, lakini yametoka!"

Zdravka anafuta macho kwa kiganja, wala hajifichi. Kwenye kompyuta, mgeni asiye na jina anabisha. Anabisha tena. Modemu kimya.

"Bisha tu, baba," anamwambia. "Utachoka wewe."

Mpango wake ni kwamba kabla ya theluji, kila mtunza pampu wa bonde hili awe na ufunguo wake, ili sindano zibaki kwenye kushona. Na siku ya sikukuu yenyewe?

"Mwaka jana sikuonja hata kijiko," anasema akifunga begi. "Safari hii simu ya zamu anashika Mzee Minko. Mimi nashika bakuli."