Insha Kuhusu Ufa wa Wanale

Mimi ni mwalimu mkali, na sioni haya kulisema. Katika chuo kimoja cha Mbale nafundisha insha za hoja: mwanafunzi achague jambo, alifanyie utafiti, kisha amshawishi msomaji. Wengi hukimbilia simu zao, wakanakili, wakaniletea takataka zilizopangwa vizuri. Ndiyo maana nina sharti moja ambalo wanalilaani mpaka leo. Kabla ya kuniletea insha, nenda ukakae na mtu anayeipinga kabisa. Msikilize mpaka uweze kuitetea hoja yake vizuri kuliko yeye mwenyewe. Asiposema "hapo umenielewa", rudi tena.

Muhula huu nilikuwa na msichana mmoja wa Wanale, pale chini ya mlima unaoonekana kutoka dirisha la darasa letu. Mpole, lakini akishika jambo hashikiki. Wenzake waliandika kuhusu mitandao. Yeye aliandika kwamba baba yake aihamishe familia kabla ya mvua kubwa. Mlimani, upande wa juu wa nyumba yao, kwenye migomba, ardhi ilikuwa imepasuka. Mwanzoni ufa ule ulimeza jembe. Baadaye kuku aliingia na vifaranga wake, hawakutoka. Msichana alipiga picha, akawahoji watu wa kilima cha pili waliowahi kufukiwa na maporomoko ya udongo wakachimbuliwa wazima, akaniletea rasimu iliyonisisimua mwili.

"Sasa nenda kwa anayepinga," nikamwambia.

"Anayepinga ni baba, Madamu."

"Basi nenda kwa baba."

Alikaa naye siku nzima. Aliporudi alikuwa mtulivu, na utulivu ule sikuupenda hata kidogo. Insha mpya ilisema wasihame. Wasihame bado. Mdogo wake wa kiume anaingia tohara mwaka huu, na kwao Wamasaba kijana husimama kwenye ua wa baba yake, mbele ya watu wote, bila kupepesa jicho. Baba alisimama pale pale, babu naye pale pale. Kijana aliyetahiriwa kwenye ua wa kupanga atasemwa mpaka azikwe. Tohara ikiisha watahama, na kiwanja kimeshapatikana Nakaloke, kwenye tambarare. Nyumba imevumilia mvua nyingi. Ivumilie na hii moja.

Niliisoma na kalamu nyekundu mkononi, natafuta pa kumkamata. Lo! Ilikuwa insha bora kuliko zote nilizopata kusoma tangu nianze kazi hii. Kila pingamizi lililonijia, yeye alikuwa amelifikia kabla yangu na kulijibu kwa heshima. Hasira zikanipanda.

"Na ule ufa?"

"Nimeuandika, Madamu. Baba anasema ameujaza mawe."

"Na wewe unaamini mawe yatazuia mlima?"

"Ninachojua ni kwamba zamani nilikuwa simsikilizi."

Nikamwambia twende Jinja, akae kwa mama yangu mpaka mvua ziishe, nafasi ipo na chakula kipo. Akacheka kwa adabu. Nani atasaga ulezi wa pombe? Nani atawapikia wageni? Tangu muhula huu uanze alikuwa amepanga chumba mjini, mbali na ule ufa, lakini siku ile ile alifunga mizigo akarudi kwao, maana maandalizi yalihitaji mikono. Nilimtazama akivuka geti na godoro lake limekunjwa, nikaogopa kweli kweli.

Jumamosi nilikuwa Jinja. Jua lilikuwa linawaka, mama yangu anaparua samaki wa Masese uani, majirani wanarudi kutoka swala ya alasiri. Mwalimu mwenzangu akapiga simu kutoka Mbale kuniuliza habari za mitihani, kisha akasema wingu limeshuka vibaya, mlima wa Wanale hauonekani kabisa. Nikamkatia pale pale, nikampigia msichana. Alipopokea nilisikia ngoma za tohara na watu wakishangilia.

"Toka," nikamwambia. "Toka sasa hivi, mchukue mdogo wako, shukeni mjini. Nakuomba, mwanangu." Nilikuwa nalia, sina hoja yoyote kichwani. Mama akaacha samaki akanitazama.

"Subiri, Madamu," akasema. "Baba anataka kukusalimia."

Baba yake alikuwa mwanajeshi zamani, na Kiswahili chake ni cha kambini. Sauti yake ilijaa furaha.

"Mwalimu, asante sana. Hii mtoto ilikuwa kichwa ngumu. Wewe nafundisha yeye kusikia mzee. Mungu bariki wewe."

Nikamwambia, "Mzee, tokeni hapo," lakini mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati yao, na yeye akawa anacheka, anapaza sauti nirudie, hanisikii.