Nenda Kwenye Jiwe Kabla Jua Halijapanda

Nakumbuka, mwanangu, siku ile nilipokaribia kumuua mdogo wangu kwa sababu ya heshima. Nasema wazi kwa sababu wewe na wenzako mnapanga kwenda kulitazama Jiwe la Watemi mwezi huu wa kumi, na jua lilivyo kali, tena nimewasikia mkisema mtaondoka baada ya chai. Hebu kaa kwanza. Nikinyamaza na haya ninayoyajua, nitakuwa nimekukosea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa enzi za ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kuleta malori yao vijijini kutafuta pamba, na gulio letu la Sapiwi likajaa mitumba ya kila rangi. Baba na mama walikuwa wamefariki wakifuatana, mama kwanza, baba miezi michache baadaye. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, mama alipoanza kuugua, kwa hiyo hapakuwa na kazi ya nyumbani ambayo mikono yangu haikuijua. Nilibaki na wadogo watatu: Ndaki, mvulana wa miaka kumi na minne, Holo, msichana wa kumi na mmoja, na Shija, kitindamimba wetu, miaka saba.

Baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuwa akiishi Maswa, alishatamka kwamba watoto wagawanywe. Ndaki aende kwake Maswa, Holo kwa shangazi kule Nyashimo, Shija kwa wajomba, na mimi niolewe. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba msichana peke yake hawezi kushika kaya. Kikao cha ukoo cha kuamua jambo hilo kilipangwa kufanyika mwaka wa msiba ukiisha. Mimi nami nilikuwa nimeamua: watoto wa baba yangu watakula chungu kimoja mpaka kila mmoja awe na mji wake.

Sasa, katika ukoo wetu kuna desturi. Mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, akifa, yule anayeuchukua mji huwapeleka wadogo zake kwenye Jiwe la Watemi kuwasalimia waliotangulia. Akirudi, watu humwita mwenye mji. Jiwe lenyewe unalijua kwa habari tu. Ni kilima kizima cha mwamba, na ubavuni pana pango lenye michoro myekundu ya wanyama na watu wembamba, ya zamani kiasi kwamba hakuna ukoo unaodai kuichora. Siku zile wageni walikuwa wameanza kuja kuitazama, wengine kutoka Mwanza, wengine Wazungu wenye kamera. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Baba alikuwa amenisimulia desturi hiyo akiwa kitandani. Alisema, "Utakwenda na miguu mitupu, kichwa wazi, na hamtakula wala kunywa mpaka mmesalimia." Akachoka, akasema tutaendelea kesho. Kesho yake hakuweza kusema tena.

Nilitakiwa kuuliza, mwanangu. Wazee wa kuulizwa walikuwapo. Lakini niliogopa kwamba nikiuliza, habari itamfikia baba mdogo, naye atasema, si mnaona, hajui kitu. Nikajiambia nitashika yale niliyoyasikia, tena nitayashika kwa ukamilifu.

Basi, siku tatu kabla ya kikao, tukaondoka. Niliwavalisha watoto vizuri ili watu wa njiani waone kwamba si yatima wa kuokotwa. Shija nilimvika koti jeusi la nailoni nililomnunulia gulioni, nikamfunga zipu mpaka shingoni. Nilianza kwanza kukamua, kufagia, kupeleka ng'ombe kwa jirani atakayewachunga, nisije nikaambiwa nimeuacha mji mchafu. Tulipotoka, umande ulishakauka zamani. Sikubeba maji hata tone.

Tulipopita kwenye visima vya mbugani, Ndaki alisimama.

"Dada, Shija ana kiu."

"Atakunywa tukishasalimia."

"Hata kusukutua?"

"Ndaki, unataka kwenda kuishi Maswa?"

Akaendelea kutembea. Swali lile ndilo nililokuwa nikiwafungia mdomo nalo mwaka mzima.

Tulifika chini ya mwamba saa sita mchana. Nikawaambia wavue viatu na kofia. Hatua ya kwanza tu, Holo alipiga kelele. Mwamba ule, jua likiupiga tangu asubuhi, unaunguza kama kikaango. Nikamwambia avumilie. Tukapanda tukirukaruka kama watu wanaovuka makaa. Tulipofika nusu, Shija alikaa chini mwenyewe. Nikamshika shingoni, ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, jasho limekwisha. Akaanza kuwaita ng'ombe wa baba kwa majina, mmoja mmoja, ng'ombe tuliowauza zamani wakati wa ugonjwa. Kisha akatapika, akalegea mikononi mwangu.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja anaitwa Mama Kulwa. Mji wake uko chini ya mwamba, na ukoo wao ndio uliokabidhiwa kulitunza Jiwe tangu enzi za watemi. Alikuwa akitoka kisimani, ndoo kichwani. Alipanda akiwa na ndoo yake na ndala zake miguuni, haraka kuliko mbuzi.

"Nani kakwambia uje saa hii?" alifoka hata kabla hajatufikia. "Hata mijusi imejificha!"

"Mwadila, mayu," nikamsalimu salamu ya mchana ya kwetu, kwa maana ndivyo nilivyolelewa.

"Mwadila baadaye! Mvue mtoto hilo koti. Hivi unamchemsha?"

Tulimbeba mpaka kwenye kivuli cha pango. Nikataka kumwagia Shija maji mdomoni. Mama Kulwa alinipiga kofi mkononi. "Aliyelegea hanyweshwi, atapaliwa. Mlowanishe." Akalowanisha kanga yangu, tukaipitisha shingoni, kwapani na kwenye mapaja, Ndaki akampepea kwa kofia, tukarudia na kurudia. Sijui ilikuwa muda gani. Najua kwamba niliomba kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Shija alipofumbua macho na kuuliza, "Dada, tumefika?" ndipo Mama Kulwa aliporuhusu maji, kidogo kidogo, yenye chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole na sukari kidogo, vitu alivyomtuma Ndaki akavichukue kwake.

Sasa akaniuliza kwa sauti ya chini kilichotuleta. Nikamweleza yote: baba, kitanda, miguu mitupu, kichwa wazi, kutokunywa.

"Na saa ya kuja alikwambia?"

"Hakuwahi kufika huko."

"Ehe. Watu huja alfajiri, binti. Mwamba ukiwa wa baridi, mguu mtupu hauna shida. Jua likiwa halijatoka, kofia ya nini? Na kutokunywa ni pale kati ya kuvua viatu na kusalimia, hatua mia moja. Wazazi wetu walitembea na vibuyu vyao mpaka hapa kwangu. Unafikiri walikuwa wajinga, waje kufia pale walipokuja kusalimia?"

Nikaendelea kumlowanisha Shija shingoni.

"Baba yako alikupa nusu, kifo kikachukua nusu ya pili. Hilo si kosa lako," akasema. "Kosa lako ni kujifanya una zote mbili."

Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, lakini maneno yale niliyapokea kama dawa. Alitukataza kuondoka mpaka jua lilipolala upande. Holo alikuwa na malengelenge kwenye nyayo zote mbili. Tulirudi tukimbeba Shija kwa zamu, na hatukuwa tumesalimia.

Siku ya kikao ningeweza kunyamaza. Watoto wangenisitiri. Lakini baba mdogo alipofungua kikao tu, nikaomba ruhusa, nikapiga magoti, nikaeleza kila kitu, tangu koti mpaka malengelenge.

Baba mdogo alishusha pumzi. "Basi. Mambo yamejisema yenyewe. Kesho Shija anaondoka."

"Hapana, baba," nikasema. "Nimekosa, na kosa lenyewe sasa nalijua vizuri kuliko mtu yeyote hapa. Nipe juma moja. Nitawapeleka tena, na wewe utembee nyuma yangu. Ukiniona nimekosea hata kidogo, wachukue palepale."

"Nikutazame ukimaliza kuwaua?"

Shangazi wa Nyashimo akacheka. "Si uende tu, kaka. Au unaogopa kutembea? Kitambi hicho kimezoea mabasi."

Watu wakacheka, naye akakubali kwa hasira.

Juma lile nilifanya kazi ya kuuliza. Nilikwenda kwa Mama Kulwa, nikakaa jikoni kwake siku nzima, nikauliza mpaka akaniambia nimezidi. Usiku wa kuamkia safari niliwalaza watoto mapema wakiwa wamekunywa maji ya kutosha. Vibuyu viwili vikubwa nilivijaza na kuvifunga kwa gunia lililoloweshwa, maji yakae baridi. Nilichukua matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga zenye chumvi. Koti la nailoni lilibaki kwenye kamba. Watoto walivaa nguo za pamba, nyepesi, pana, za mikono mirefu. Holo alikuwa amepona nyayo, lakini nilimfunga vitambaa laini ndani ya viatu.

Baba mdogo alitokea na suti yake ya Kaunda, nzito, na viatu vipya vya ngozi. "Baba, viatu vitakuumiza," nikamwambia. "Tembea," akanijibu.

Tulitoka majogoo ya pili. Kila tulipokuta mti mkubwa nilisimamisha watoto, wakanywa, wenye kiu na wasio na kiu. Gizani nilimshika kila mmoja shingoni. Baba mdogo alikataa maji mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alipokea bila kunitazama. Jua lilipoanza kuchungulia tulikuwa tumeshafika kwa Mama Kulwa, tumesalimiana kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, ndefu kama inavyotakiwa, na watoto wako chini ya mwamba wanafungua kamba za viatu.

Mwamba ulikuwa wa baridi, laini kwa nyayo. Shija alipanda akiimba.

Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa bado amesimama chini, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimechubuka. Nikadhani ni maumivu. Nikashuka.

"Minza," akaniita kwa jina langu, taratibu, watoto wasisikie. "Mimi sijawahi kupanda hapa. Aliyekuja ni baba yako, yeye ndiye alikuwa mkubwa. Mimi niliachwa nyumbani, nikiugua ndui. Sijui mtu anaweka mkono wapi, wala anasema nini."

Mwaka mzima nilikuwa nimemwogopa mtu huyu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Ningemuuliza tangu mwanzo, tungekuwa wawili wenye kutafuta.

"Njoo, baba," nikasema. "Unavua na kingine. Ukifika juu unaweka viganja viwili kwenye mwamba, mbali na michoro, unataja majina ya waliotuzaa, yote unayoyakumbuka. Kisha unanyamaza."

Alipanda akinishika bega. Aliyataja majina, na alipofikia la kaka yake, alilirudia mara mbili. Tulipomaliza, tukala matobolwa kivulini, na kabla ya saa nne tulikuwa tumeshuka, tukalala kwa Mama Kulwa mpaka saa kumi. Jioni, tulipofika nyumbani, jirani aliuliza ng'ombe awafungie wapi. Baba mdogo alikuwa akivua viatu mlangoni. Akasema, "Mwulize mwenye mji," akaninyooshea kidole.

Hakugawanywa mtoto hata mmoja.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Jiwe halitahama. Nendeni alfajiri, na ikifika saa nne muwe mmeshashuka. Mkichelewa, laleni chini ya mwamba mngoje jua lilegee. Maji kila mtu abebe yake, na anywe kabla hajasikia kiu. Soda ni tamu mdomoni tu, msiitegemee. Vaa nguo nyepesi inayofunika mwili, kofia pana, na kiatu ambacho mguu umeshakizoea. Vua pale tu desturi inapotaka, mwamba ukiwa wa baridi. Michoro msiiguse, na msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, inafutika. Mwenzenu akiacha kutoka jasho, au akianza kusema yasiyoeleweka, hapo safari imekwisha: kivulini, mvueni, mlowanisheni, mpepeeni, na mtu mmoja akimbie kuita msaada wa zahanati. Na pale usipojua, uliza. Uliza hata yule unayemwogopa, maana huenda naye anangoja mtu wa kumwambia.

Mungu awatangulie njiani, awape kivuli mnapokihitaji, awarudishe wote hesabu ileile mliyotoka nayo. Na siku nitakapowaachia mji huu, awajalie kuwa na subira ya kuambizana yote, mpaka mwisho. Nendeni salama.