Ukanda wa Msitu

Fundi anaranda mbao za saipresi mlangoni mwangu, na harufu yake kali inanirudisha darasani, chini ya Mlima Kenya. Mwalimu alikuwa amechora mlima ubaoni na kuugawa kwa chaki za rangi: mashamba chini, kisha msitu, mianzi, nyasi za baridi, na barafu kileleni.

"Nani huishi hapa msituni?" aliuliza.

Niliinua mkono. "Ni sisi, mwalimu."

Darasa zima lilicheka, na yeye pia. "Ati wewe ni tumbili? Msitu ni ya wanyama. Watu wako na mashamba."

Lakini sisi tulilima viazi katikati ya miche ya saipresi, tuliyoipandia serikali ili ituache tukae humo msituni. Mtihani ulipokuja niliandika, "Wanyama tu." Nikapata alama.

Nilikimbia nyumbani na karatasi. Miche ilikuwa imerefuka hadi kuzibia viazi jua, kwa hivyo serikali haikutuhitaji tena. Askari wa msitu alisimama akimtazama mama akibomoa nyumba.

"Mama, nimepata!"

"Wacha hiyo karatasi," alisema. "Kuja ushike mabati."